Shangazi wa Runinga: Wanaoondoka msimu ungali katikati

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa kipindi kimoja: Saturday Night Live cha NBC, kile cha vichekesho vifupi kinachorushwa moja kwa moja kutoka Studio 8H, jengo la Rockefeller, New York, tangu Oktoba 1975. Kinaanza saa 5 na nusu usiku wa Jumamosi kwa saa za kule. Kwetu ni Jumapili asubuhi, wengine mko ibadani, wengine ndiyo mnakaanga maandazi, kwa hiyo karibu nyote mnakiona baadaye, kwa vipande, kwenye simu. Na simu haifuati mpangilio. Inakuletea kipande cha juzi, inafuatisha cha mwaka 1992, kisha cha 2014. Hapo ndipo maswali yanapoanza: yule kaenda wapi, na huyu katoka wapi?

Nimechagua barua zinazohusu jambo moja, yaani mabadiliko ya wachekeshaji kabla msimu haujaisha. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mtu wa mavazi kwenye maigizo ya televisheni, na mwigizaji akiondoka ghafla, chumba cha mavazi huwa cha kwanza kujua. Kwa hiyo hili nalisemea kwa moyo wote.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tulimpenda sana Cecily Strong. Msimu mmoja tukawa hatumwoni, mara akarudi, mara hayupo tena moja kwa moja. Alifukuzwa?
*Mama Wawili, Mwanza*

Marahaba, mama. Hakufukuzwa, aliaga. Msimu unaousema ni wa 48, ulioanza Oktoba 2022. Vipindi vya mwanzo hakuwepo kwa sababu alikuwa Los Angeles akicheza tamthilia ya jukwaani, ile ya mwigizaji mmoja kubeba wahusika wote. Akarudi New York, akafanya kazi wiki kadhaa, na tarehe 17 Desemba 2022 ikawa mwisho wake. Habari yenyewe ilitangazwa siku ileile ya kipindi, ndiyo maana iliwashtua wengi.

Kipande cha kuaga kitafute. Amekaa kwenye dawati la Weekend Update, sehemu ile ya habari za mzaha, akiwa Cathy Anne, mwanamke yule mwenye kelele anayepiga makelele chini ya dirisha la mtangazaji. Anaaga kwa kusema anakwenda jela. Mwishoni mgeni wa wiki, yaani nyota anayealikwa kuongoza kipindi cha siku hiyo, Austin Butler, ambaye mwaka huohuo alikuwa amemwigiza Elvis Presley kwenye filamu, akamwimbia wimbo wa Krismasi wa Elvis, wenzake wote wamemzunguka. Alikuwa hapo tangu 2012. Machozi yale yalikuwa ya kweli.

Kwa kawaida kipindi hiki hubadilisha watu wakati wa kiangazi, Mei msimu ukishafungwa mpaka Septemba. Mikataba huwa ya miaka kadhaa, na kila msimu kituo ndicho chenye hiari ya kumrudisha mwigizaji au kumwacha. Anayeondoka katikati, basi, ama ameomba, ama kumetokea jambo.

Mimi namsifu Cecily Strong kwa wakati aliouchagua. Kiangazi cha 2022 walikuwa wameshaondoka Kate McKinnon, Aidy Bryant, Pete Davidson na Kyle Mooney, na wengine wakafuata kabla ya Oktoba. Wageni wangeingia kwenye nyumba isiyo na mwenyeji. Kwa kubaki mpaka Desemba aliwashika mkono, kisha akatoka wakati wa mapumziko ya Krismasi, ambapo kipindi hulala wiki kadhaa na waandishi wakapata nafasi ya kupanga upya nani anacheza nini. Mtu anayewajali wenzake huondoka hivyo.

*

Dada, salamu. Umewahi kuandika kuwa watayarishaji wawe na subira. Mimi sikubali. Kipindi kikidorora, fumua kikosi chote palepale, kama timu ya mpira inavyomtimua kocha Desemba bila kungoja Mei. Unasemaje?
*Mwalimu Mstaafu, Dodoma*

Mwalimu, heshima yako. Hiyo dawa ilishanyweshwa, na majibu yake yapo.

Mwaka 1980 Lorne Michaels, aliyekianzisha kipindi, alijiondoa, na wachekeshaji waliobaki pamoja na waandishi wakaondoka naye. NBC ikamkabidhi kazi Jean Doumanian, aliyekuwa msaidizi upande wa utayarishaji. Alikuwa na miezi michache tu ya kukusanya kikosi kizima. Msimu ukafunguliwa tarehe 15 Novemba 1980 na sura sita ambazo mtazamaji wa kawaida hakuzijua: Denny Dillon, Gilbert Gottfried, Gail Matthius, Joe Piscopo, Ann Risley na Charles Rocket. Nyuma yao walikuwepo wachache wa cheo cha chini, wale ambao majina yao husomwa baadaye mwanzoni mwa kipindi na wanaoweza kukaa usiku kucha bila kupewa hata sentensi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19, Eddie Murphy.

Watu hawakupenda walichokiona. Kila kichekesho kilipimwa na vile vya John Belushi na Gilda Radner, nyota wa kikosi cha mwanzo, ambao hawakuwepo tena. Kisha tarehe 21 Februari 1981, wakati wa kuagana mwisho wa kipindi, Rocket akatamka tusi zito hewani. Kipindi kilichofuata, tarehe 7 Machi, kikawa cha mwisho kwa Doumanian. Akaingia Dick Ebersol, akakisimamisha kipindi karibu mwezi mzima, akawatoa Gottfried, Risley na Rocket, akawaleta Robin Duke, Tim Kazurinsky na Tony Rosato. Catherine O'Hara alikuwa amekubali kuja, akabadili nia kabla hajaonekana hata mara moja.

Kikosi kilichofumuliwa kikasimama jukwaani tarehe 11 Aprili 1981. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani walianza mgomo wakati huohuo, na msimu ukakatika hapo. Yaani yote yale, kufukuza, kusaili, kukatisha tamaa watu, kulizaa kipindi kimoja. Laurie Metcalf, ambaye baadaye alikuja kushinda tuzo za Emmy, alionekana usiku ule mmoja, basi. Emily Prager jina lake lilisomwa lakini sura yake haikuonekana kabisa. Nafuu ilikuja kwenye msimu wa vuli, baada ya kiangazi cha kupanga kwa utulivu, na kufikia hapo Dillon na Matthius nao walikuwa wameachwa. Katika kikosi cha Novemba walivuka wawili: Piscopo na Murphy.

Nikukumbushe sasa tarehe 10 Januari 1981, kabla ya tusi na kabla ya fumua. Usiku ule kipindi kilikwisha mapema. Dakika zilibaki, na televisheni ya moja kwa moja haiwezi kuonyesha ukuta. Wakamsukuma Murphy mbele ya kamera peke yake ajaze muda kwa vichekesho vyake vya kilabuni. Akajaza. Ukumbi ulicheka kicheko ambacho msimu mzima ulikuwa unakitafuta. Haukupita muda akapandishwa cheo kuwa mwanakikosi kamili. Ndicho kinachoniuma katika kisa kile, Mwalimu: tiba ilikuwa ndani ya nyumba tangu Novemba, imekalishwa kwenye benchi la nyuma, wakati wakubwa wanapiga simu kutafuta wa nje.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi. Kabla mtayarishaji hajafukuza mtu Machi, azunguke kwanza jengo lake mwenyewe. Amwangalie anayesomewa jina mwishoni, amwangalie mwandishi anayewachekesha wenzake mezani. Nimefanya kazi na mwongozaji mmoja, simtaji, aliyemwondoa dada wetu mmoja katikati ya mfululizo kwa sababu barua za watazamaji zilikuwa kali. Aliyemleta badala yake alivaa magauni yaleyale niliyoyapunguza kiunoni usiku, akasema maneno yaleyale yaliyoandikwa kwa mdomo wa mwingine. Barua hazikupungua. Tatizo lilikuwa kwenye maandishi, na maandishi hayakuguswa.

Fikiria pia wiki ya kazi ilivyo kule New York. Jumatatu mawazo yanatolewa mbele ya mgeni wa wiki. Jumanne waandishi wanakesha. Jumatano watu wanakaa meza moja kusoma maandishi yapatayo arobaini, na mengi yanatupwa. Alhamisi na Ijumaa mafundi wanajenga mandhari, washonaji wanashona, waigizaji wanafanya mazoezi. Jumamosi saa 2 usiku wanacheza kila kitu mbele ya watazamaji, kisha vipande vingine vinakatwa, na saa 5 na nusu wako hewani. Hawahifadhi maneno kichwani, hawana nafasi hiyo. Wanasoma kwenye makadi makubwa meupe yaliyoandikwa kwa mkono, na sentensi ikibadilishwa baada ya mazoezi, waandishi wa makadi wanaifunika na kuandika upya kwa kalamu nene, dakika chache kabla ya kamera kuwaka. Mchekeshaji mgeni hufundishwa kusoma kadi bila kuonekana anaisoma, kujua kamera ipi inamtazama, kubadili nguo wakati wa tangazo huku mtu akimvuta zipu na mwingine akimgandisha nywele za bandia. Hayo hayajifunzwi kwa wiki tatu. Umpe mgeni lawama za msimu mzima juu yake, utapata ulichokipata Aprili 1981.

*

Hujambo Shangazi? Nimeona kipande ambacho Kerry Washington anakimbizwa kubadilisha nguo, mara Michelle Obama, mara Oprah. Kaka yangu anasema hicho ndicho kilichomleta Sasheer Zamata. Kweli?
*Binti wa Likoni, Mombasa*

Sijambo mwanangu. Kaka yako yuko karibu na kweli, ila kisa kilianza mapema kidogo.

Septemba 2013, msimu wa 39 ulipofunguliwa, waliingia wachekeshaji sita wapya kwa mpigo. Wote walikuwa weupe, na mwanamke alikuwa mmoja. Maya Rudolph alikuwa ameondoka mwaka 2007, na tangu hapo hapakuwa na mwanamke mweusi kwenye kikosi. Mwanamke mweusi maarufu akitakiwa kuigizwa, Kenan Thompson, mwanamume wa kikosini, alivaa gauni na wigi. Oktoba ile Thompson akasema kwenye mahojiano kwamba hatavaa tena magauni hayo. Mwenzake Jay Pharoah naye akasema hadharani kuwa wakati wa kumleta mwanamke mweusi umefika. Maneno yakasambaa.

Tarehe 2 Novemba 2013 akaja Kerry Washington kuwa mgeni wa wiki, na kipindi kikafungua kwa kile ulichokiona. Ni Ikulu ya Marekani. Anaingia kama Michelle Obama, anaambiwa Oprah amefika, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwigiza, anatoka mbio, anarudi kama Oprah. Hajapumua, anaambiwa Beyoncé naye yuko mlangoni. Kwenye skrini yanapita maandishi ya watayarishaji kumwomba radhi kwa idadi ya wanawake weusi watakaomtaka aigize usiku huo. Mwishoni anatokea Mchungaji Al Sharpton, mwenyewe hasa.

Wengi walicheka, nami nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye nguo. Mabadiliko ya namna ile yanataka gauni lililofunguliwa mgongoni likatiwa vibanio, viatu visivyo na kamba, wigi lililokwisha kuchanwa linangoja kwenye mkono wa mtu. Watu wanne watano wanamshughulikia mwanamke mmoja gizani kwa sekunde chache. Nguvu yote ile ilitumika kuficha nafasi iliyokuwa wazi kwa miaka sita.

Desemba wakafanya usaili wa wanawake weusi, na tarehe 18 Januari 2014, siku Drake alipokuwa mgeni wa wiki, Sasheer Zamata akaanza kazi. Alikuwa mtu wa majukwaa ya vichekesho vya papo kwa papo New York, wala hakuokotwa njiani kama wengine walivyosema kwa chuki. Kabla yake, tangu 1975, kikosi kilikuwa kimewahi kuwa na wanawake weusi wanne: Yvonne Hudson, Danitra Vance, Ellen Cleghorne na Rudolph. Wanne, kwa karibu miaka arobaini. Idadi hiyo inatosha kumnyamazisha anayesema kelele za 2013 zilikuwa za bure.

Usaili ule ulizaa jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Leslie Jones na LaKendra Tookes hawakupewa nafasi mbele ya kamera, wakaajiriwa kama waandishi. Jones akawa anatokea kwenye Weekend Update kusema yake, watu wakawa wanauliza huyu mama mrefu ni nani, na Oktoba 2014, katikati ya msimu wa 40, akapandishwa kuwa mchekeshaji wa kikosi akiwa na miaka 47. Mwalimu wa Dodoma, hapo unaona nilichokuwa nakwambia. Hata Colin Jost, aliyekalia dawati la Weekend Update Machi 2014 baada ya Seth Meyers kuondoka Februari, alikuwa mwandishi wa siku nyingi mle ndani.

Zamata aliondoka mwaka 2017. Naona hakupewa maandishi ya kutosha. Kumleta mtu katikati ya msimu kwa sababu ya lawama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na watu mezani Jumanne usiku wanaojua kumwandikia, na ndiyo maana kuajiriwa kwa wale waandishi wawili nakuhesabu sawa na kuajiriwa kwake.

*

Shangazi, nina ujauzito wa miezi saba na kazini wananiangalia kama mzigo. Hawa wa televisheni mwenzao akikaribia kujifungua wanafanyaje?
*Mama Kijacho, Tanga*

Mwenyezi Mungu akushushe salama, mwanangu. Nikupe mfano wa Amy Poehler. Vuli ya 2008 ilikuwa ya uchaguzi wa Obama na McCain, kipindi kimepamba moto, naye alikuwa nguzo: alimwigiza Hillary Clinton, alikaa kwenye dawati la habari. Tarehe 18 Oktoba, Sarah Palin mwenyewe, mgombea mwenza wa McCain, akiwa ameketi pembeni, Poehler alighani mashairi ya rap juu ya Palin, tumbo liko mbele kabisa, akirukaruka jukwaani. Juma lililofuata, tarehe 25, Jumamosi ya kipindi, akajifungua mtoto wa kiume. Seth Meyers akafungua Weekend Update peke yake, na Maya Rudolph na Kenan Thompson wakamwimbia hewani.

Katikati ya Novemba wakaongezwa Abby Elliott na Michaela Watkins. Poehler mwenyewe alirudi kuaga, akamaliza Desemba 2008. Watkins hakurudishwa msimu uliofuata, jambo ambalo mpaka leo naona halikuwa haki, maana alipewa nusu msimu tu kujionyesha. Elliott aliendelea.

Kuhusu kazini kwako: kazi iliyo mkononi mwako iandike kwenye karatasi, nani anaishika na kuanzia lini, umpe mkubwa wako sasa hivi kabla hajakuuliza. Na likizo yako ya uzazi ni haki ya kisheria, si fadhila ya mtu. Yeyote anayekutazama vibaya mwache na macho yake.

*

Shikamoo Shangazi. Nipo kwenye kikundi cha vichekesho, tunarusha mtandaoni. Mwenzetu aliyependwa sana ameacha katikati ya mfululizo na nimeingizwa mimi. Kila tukirusha, maoni ya kwanza ni "mrudisheni fulani". Nimeanza kuogopa kamera.
*Kijana wa Ngaramtoni, Arusha*

Marahaba baba. Barua yako nimeirudia.

Chevy Chase ndiye aliyekuwa nyota wa kwanza wa Saturday Night Live. Alianguka kila wiki mwanzoni mwa kipindi, aliketi dawati la habari akijitaja jina lake. Msimu wa pili ulipofunguliwa Septemba 1976 alijiumiza kwenye mojawapo ya maanguko yale, akakosa vipindi viwili, Jane Curtin akashika dawati. Mwisho wa Oktoba akaondoka kabisa. Januari 1977 akaletwa Bill Murray. Huyu Murray alikuwa amekosa nafasi kwenye kikosi cha mwanzo, akafanya kazi kwenye kipindi cha kituo shindani cha ABC, ambacho hakikudumu. Aliingia akijua kila mtu anamtafuta Chase usoni mwake.

Hakupendwa. Alikosea maneno, vichekesho vikamfia mdomoni, barua za chuki zikaja. Machi 1977 akafanya jambo ambalo nataka ulitazame kwa makini. Alikaa kwenye dawati, akaitazama kamera, akawaambia watazamaji kuwa yeye ndiye yule mgeni, kwamba anaona mambo hayamwendei vizuri, na kwamba anawahitaji wamsaidie. Aliligeuza likawa kichekesho, lakini msingi wake ulikuwa kweli tupu. Kuanzia hapo ukumbi ulianza kuwa upande wake. Hakumwiga Chase. Hakuanguka. Alijitafutia wahusika wake, kama yule mwimbaji wa hotelini anayejipendekeza kwa kila mteja, na miaka minne baadaye alirudi kama mgeni wa wiki wakati kipindi kiko taabani, ile tarehe 7 Machi 1981 niliyomtajia Mwalimu, akaja kuwatia moyo wageni kama alivyokuwa yeye zamani.

Wewe hali yako ni ngumu zaidi kidogo, nikwambie ukweli. Kule jina la kipindi ndilo linalobaki na watu wanapita. Kwetu watazamaji hufuata sura. Kundi la akina Joti, Masanja na Mpoki lilipotoka EATV kwenda TBC1 likawa Orijino Komedi, na watu wakahama nalo, kwa sababu walikuwa wakiwafuata wao. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akimfuata mwenzako ana haki ya kumlilia. Usimjibu kwa hasira, na usiwaruhusu wenzako wamjibu.

Mambo ya kufanya ni haya. Mhusika wa mwenzako muache azikwe na heshima zake: usivae kofia yake, usitumie msemo wake, hata mwongozaji akikwambia ujaribu. Nguo zake zitoe kwenye kikapu cha mavazi kabisa, nakwambia kama mtu wa fani, kwani koti la mtu mwingine linakufundisha mabega yake. Mwombe anayewaandikia aketi nawe kabla hajaandika, asikilize unavyoongea, asikupe maneno ya zamani yaliyobadilishwa jina. Kisha jitambulishe mara moja kwa watazamaji, wazi, kama alivyofanya Murray, usirudie. Na soma maoni mara moja kwa wiki, mchana, ukiwa umekula, ukiwa na mwenzako pembeni. Ukiyasoma usiku peke yako yatakumaliza.

Na mwenzako aliyeondoka, kama hamkugombana, mwombeni atokee dakika moja akukabidhi. Itasaidia kuliko yote niliyoandika.

*

Bi Shangazi, kosa moja jukwaani linatosha kumfukuzisha mtu?
*Msomaji, Unguja*

Limewahi kutosha. Machi 1986 Damon Wayans alipewa nafasi ndogo ya askari polisi kwenye kipande kimoja. Alikuwa na msimu mzima wa kukataliwa maandishi yake, na hewani, bila kumwambia mtu, akaicheza kwa sauti na madaha tofauti kabisa na ilivyofanyiwa mazoezi. Lorne Michaels, aliyekuwa amerudi kushika kipindi, akamfukuza usiku uleule. Kwenye kipindi cha kufunga msimu akaalikwa kuja kusimama peke yake na kuchekesha, na mwaka 1990 alikuwa kwenye In Living Color, kipindi cha kaka yake Keenen Ivory Wayans huko Fox.

Namwelewa Michaels. Kwenye kipindi cha moja kwa moja, mwenzako anasoma kadi akingoja neno lako ndipo aseme lake, na kamera imekwisha kupangwa wapi iangalie. Ukibadilisha ghafla unawaangusha watu ambao hawakukukosea. Ila namwelewa pia Wayans, na lawama kubwa naiweka kwa waliomwacha msimu mzima akibeba trei na kusema mistari miwili. Kijana mwenye uwezo ule hafugwi hivyo.

*

Shangazi, Eddie Murphy aliondoka Februari 1984 kama wanavyosema, mbona nimeona vipande vyake vipya vya miezi iliyofuata?
*Mpenzi wa Vichekesho, Bujumbura*

Vilirekodiwa kabla. Kufikia hapo Murphy alikuwa nyota wa sinema, na kwa msimu ule wa 9 alikubaliana nao aonekane moja kwa moja kwenye sehemu tu ya vipindi. Kwa vile ambavyo hangekuwepo, walirekodi rundo la vipande vyake mapema, Septemba 1983, mbele ya watazamaji, wakawa wanavichomeka kimoja kimoja. Mwenyewe alipomaliza Februari 1984 akiba ilikuwa bado ipo, wakaendelea kuitumia mpaka msimu ukaisha. Ukitaka kumwona akiwa hai jukwaani baada ya hapo, tafuta tarehe 15 Desemba 1984, aliporudi kama mgeni wa wiki, kisha 21 Desemba 2019. Hiyo ya 2019 ilimpa tuzo ya Emmy.